Kumfundisha Mama Riziki Mji wa Marseille

Jumanne, 17 Juni 2003

Nimesali, nimemwagilia mboga zangu za lengalenga, nimekunywa chai kavu. Mama wa maziwa hakufika. Milio ya bunduki za waasi mlimani tangu alfajiri, mbali, huko juu ya Kanyosha. Sikuihesabu. Zamani nilikuwa nahesabu.

Saa kumi Mama Riziki kaja na kiti chake. Somo la tatu. Leo kituo cha treni. Nimemwambia kiko juu ya kilima, ukitoka nje unakuta ngazi pana za mawe, zaidi ya mia, na mji wote uko chini yako. Akauliza kama lazima kuzishuka. Nikasema hapana, yeye na mtoto watatoka uwanja wa ndege kwa gari la hospitali. Akasema, "Basi ngazi tuziache, Mwalimu. Nipe vitu ntavitumia."

Ana haki. Miaka thelathini nimefundisha watoto, na bado naanza na ninachokipenda mimi.

Riziki ana miaka minane. Moyo wake una tundu. Akitembea hatua ishirini anachuchumaa, midomo inageuka bluu, anangoja, anainuka tena. Wamepanga kijumba cha nyuma hapa uani kwangu tangu walipokimbia Uvira. Mama anauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, soko la Kanyosha. Shirika moja la madaktari limekubali mtoto apasuliwe Marseille. Watasafiri Jumamosi, tarehe 12 Julai. Mama hajui Kifaransa. Hajawahi kupanda ndege. Aliposikia mimi nilisomea ualimu mji huo, alikuja kusimama mlangoni na ndoo ya samaki kichwani. "Nifundishe ule muji."

Ndiyo kazi yangu sasa.

Alhamisi, 19 Juni

Somo: bahari. Nimemwambia maji yana chumvi, hayanywewi, hayafai kufulia nguo. Hakuamini. Nimemwambia huku kwetu ukisimama ufukweni unaona milima ya Congo ng'ambo. Kule ng'ambo haionekani. Akauliza: "Sasa mutu anajuwa aje kama kuna watu upande ule?"

Nikageukia bandari.

Bandari ya zamani iko katikati ya mji. Asubuhi wavuvi wanauza samaki palepale, kwenye meza, wanapiga kelele kama Kanyosha. Hilo limemfurahisha. Nimemwonya asiguse samaki kwa kidole kabla ya kununua.

Mabomu mawili yalianguka jana karibu na barabara ya juu. Hakuna aliyeumia, wanasema. Wanasema hivyo kila mara.

Jumapili, 22 Juni

Niandike ukweli, hakuna atakayesoma. Namwonea wivu.

Nilikaa Marseille miezi tisa, mwaka 1979. Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Nilitaka kubaki. Nilipata hata kazi, kufundisha watoto wa wageni. Nikarudi kwa sababu ya mume wangu, Athumani. Hakuniomba. Aliandika tu kwamba paa linavuja na yeye hajui pa kuanzia, fundi mzima wa magari. Nikarudi. Tukakaa vizuri. Watoto Mungu hakutupa. Sasa Athumani yuko makaburini, na mimi namfundisha muuza dagaa jua linaangukia wapi katika mji nilioutaka mimi.

Jambo la pili. Mji ninaoufundisha una miaka ishirini na minne. Metro ilikuwa mpya, watu walipanda kwa ajili ya kuiona. Sijui leo ikoje. Sijamwambia.

Jumatano, 25 Juni

Wanajeshi wanachimba handaki kwenye kona, karibu na duka la sukari. Nimewauliza la nini. Mmoja akasema, "Mama, nenda nyumbani."

Familia mbili za juu zimehama. Magodoro juu ya pikapu, kuku wamefungwa miguu. Hawakuaga.

Somo: upepo. Kule kuna upepo una jina lake, mistral, unateremka kutoka kaskazini na unaweza kuvuma siku tatu, kavu, baridi, hata jua likiwa linawaka. Mtoto afunikwe kifua. Mama Riziki amerudia mara tatu. Kisha kasema dada yake aliyeko Kanyosha atamfumia Riziki sweta.

Ijumaa, 27 Juni

Nimepata kitu cha maana hatimaye. Wangazija.

Marseille imejaa Wangazija. Nilipokuwa huko nilizoea kusali nao. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Wakisema polepole unashika nusu. Nimemwambia: ukipotea, usitafute polisi. Tafuta mwanamke aliyejifunga leso, mwambie "mtoto", mwambie "hospitali", mwambie "nimepotea". Atakusikia.

Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kalegeza mabega. "Mi siogopi ndege, Mwalimu. Siogopi hata kisu ya daktari. Naogopa kupotea na mutoto mukononi, na watu wananipita tu."

Riziki alikuwa chini ya meza anachora. Kauliza kama kule kuna risasi. Tumesema hapana kwa pamoja, haraka mno.

Jumatatu, 30 Juni

Madame Odile kaja na gari kutoka Kinindo. Ndiye anayeshughulika na wagonjwa wa shirika. Mwembamba, mchovu, anavuta sigara dirishani. Viza zimetoka. Mama Riziki aliishika karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu ashikaye kifaranga.

Madame kaniambia pembeni, kwa Kifaransa, kwamba majibu ya vipimo vya mwisho si mazuri. Mtoto hatakiwi kungoja. Nafasi ikipita, nyingine labda Oktoba. Nilimtazama Riziki akichuchumaa mlangoni nikaelewa kwamba Oktoba ni mbali mno.

Jumatano, 2 Julai

Kimya mlimani. Siku mbili sasa. Hakuna anayefurahi. Majirani wanasimama kwenye malango wakitazama juu, kisha wanaingia.

Ijumaa, 4 Julai

Mama wa maziwa ametokea. Anateremka na maziwa kutoka mlimani miaka sita sasa, anazungumza bila kupumua. Leo hakukaa. Hakuniuzia kitu. Aliomba tu arudishiwe madumu yake, yote, hata lile lililopasuka ninalowekea mkaa.

Nikamuuliza, Jumatatu utakuja? Alitazama miguu yake. "Apana. Jumatatu apana."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema ng'ombe anaumwa. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema nina ndugu Buyenzi, si ndiyo? Niende kuwasalimia.

Nimekaa jikoni mpaka adhuhuri na maneno hayo. Naogopa. Ningeondoka leo. Lakini Jumamosi ijayo ni safari, na gari la shirika litakuja kuwachukua hapa, na mtoto huyu si wa kutembezwatembezwa. Siku nane tu. Nimejiambia siku nane si kitu.

Jumapili, 6 Julai

Mama Riziki ameenda Kanyosha kwa dada yake. Kuaga, na kuchukua sweta. Atalala huko kwa sababu njia inafungwa jioni. Atarudi kesho asubuhi na mapema. Riziki kamwacha kwangu.

Sikumkataza. Nilikuwa na maneno ya mama wa maziwa mdomoni, nikayameza. Niandike kwa nini: nilitaka kuwa na mtoto peke yangu siku moja. Nimemwosha nywele, nimemsuka, nimempikia wali wa nazi ambao mama yake hana subira nao. Kaniita nyanya. Nilifurahi siku nzima.

Jumatatu, 7 Julai

Saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa natia udhu. Mlio wa kwanza ulikuwa karibu kiasi kwamba maji yaliruka kwenye birika.

Kisha pande zote. Nimemvuta Riziki kwenye korido, pale pasipo dirisha. Godoro mbele, godoro nyuma. Vioo vya sebuleni vimeshuka vyote kwa pamoja. Watu wanakimbia nje, sauti za Kirundi, amri, filimbi. Mtu alipita uani. Alisimama. Alienda zake.

Sasa ni mchana, haijaisha. Naandika kwa penseli ya Riziki. Midomo yake si mizuri. Namwambia apumue polepole. Kauliza mara moja tu mama yuko wapi. Nikasema Kanyosha, kwa mama mdogo, wamejificha kama sisi.

Milio mingi zaidi inatoka upande wa Kanyosha.

Jumanne, 8 Julai. Buyenzi

Tumetoka.

Asubuhi palikuwa na utulivu wa nusu saa. Jirani aligonga lango, akapaza sauti kwamba wote wanashuka, atakayebaki atabaki. Nilichukua bahasha ya karatasi za safari. Nikamfunga Riziki mgongoni kwa kanga. Ana miaka minane lakini uzito wake ni wa mtoto wa mitano. Mimi nina sitini na moja. Magoti yangu yana umri wake yenyewe.

Njia nzima watu. Magodoro, masufuria, mzee kwenye toroli, mbuzi. Mwili wa mwanamume mbele ya duka la sukari, wamemfunika kitenge. Nilimwambia Riziki afumbe macho. "Nimefumba tangu nyumbani, nyanya."

Nilikuwa napumzika kila nguzo ya umeme. Alikuwa ananiambia shingoni, nishushe, nitembee kidogo. Nikamwambia nyamaza, usimalize pumzi. Akaomba basi nimwambie habari ya Marseille, kama ninavyomwambia mama. Nikamwambia juu ya mlima kuna kanisa, juu ya kanisa kuna sanamu ya dhahabu, popote ulipo mjini ukiinua kichwa unaiona. Nilisema hayo pumzi ikikata. Nyuma yetu mlio ulianza tena, watu wakaanza kukimbia, na mimi sikuweza kukimbia. Nilitembea tu. Walitupita kama maji.

Kwenye daraja la Muha nilikaa chini, miguu imekataa. Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi na Athumani akanitambua. Katupakia kwenye gari lake juu ya mabomba. Alhamdulillah.

Tuko kwa dada yangu Mwajuma. Riziki amelala. Mgongo wangu hauinuki.

Jumatano, 9 Julai

Nimemtafuta Mama Riziki. Shule mbili zenye wakimbizi, uwanja wa kanisa, hospitali. Kwenye hospitali wana daftari la majina, na ukurasa wa wasio na majina. Nimesoma wote wawili. Hayumo.

Nimekutana na mwanamke Mkongomani, muuza mboga wa Kanyosha. Anamjua. Anasema nyumba ya dada yake ilipigwa bomu Jumatatu asubuhi. Paa lote. Watu waliokuwemo hajui. Alisema "pole" kabla sijauliza lolote.

Riziki nimemwambia njia zimefungwa. Hilo ni kweli.

Alhamisi, 10 Julai

Madame Odile nimempata hoteli moja ya katikati ya mji, wamehamishwa wote kutoka Kinindo. Amevaa blauzi ileile ya Jumatatu ya wiki iliyopita. Alipomwona mtoto yuko hai alikaa chini.

Anasema hivi. Ndege ya Jumamosi ipo, Mungu akipenda. Kuna muuguzi anayesafiri. Mtoto anaweza kwenda bila mama, wengi huenda hivyo. Lakini lazima mtu wa familia atie sahihi. Ya safari na ya kupasuliwa. Mtu wa familia, kasema mara mbili, akinitazama.

Nimeomba siku moja.

Ijumaa, 11 Julai

Mwajuma amenipinga tangu chai. "Mtoto wa watu, Zuhura. Unampeleka kwa Wazungu kama kifurushi. Mama yake akirudi utamwambia nini?"

Nikasema nitamwambia yuko hai.

"Na akifia kisuni?"

Baadaye akauliza, kwa sauti ya chini, na mama asiporudi, mtoto atarudi kwa nani? Nikasema kwangu. Lilitoka upesi sana. Mwajuma akanitazama kwa muda mrefu, na mimi nikajiona. Nimejiuliza tangu hapo: nasaini kwa sababu ya moyo wa mtoto, au kwa sababu kwenye karatasi ile ndiyo mara ya pekee nitakuwa na mjukuu?

Nimerudi hospitali tena, daftari lilelile, majina mapya. Hayumo. Nimepita kwenye shule. Hayumo.

Saa tisa nimetia sahihi. Mbele ya neno la uhusiano nimeandika, kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa ualimu: nyanya wa mtoto, mzaa mama. Madame Odile aliichukua bila kuisoma. Alijua.

Mungu anisamehe kama nimekosea. Sijui kama nimekosea.

Jumamosi, 12 Julai

Uwanja wa ndege. Wanajeshi wengi. Riziki alikuwa mtulivu garini, kavaa gauni la mjukuu wa Mwajuma, kubwa mabegani. Sweta hakuna. Nimemfunga mtandio wangu kifuani.

Alielewa mlangoni. Pale ambapo muuguzi alionyesha tiketi na mimi nikabaki. Alinishika mkono akauma. Hakupiga kelele, pumzi haikutosha. Alilia kwa mdomo wazi bila sauti. Alisema, mama hajui niko wapi. Mama hajui niko wapi.

Nikamwambia mama atakuja na ndege ya nyuma. Nilimwambia hivyo. Kisha nikafungua vidole vyake, kimoja kimoja.

Sikungoja kuiona ndege ikipaa.

Jumapili, 13 Julai

Sina la kuandika.

Jumatano, 16 Julai

Wanasema vita vya kusini vimekwisha. Watu wanarudi. Na mimi nimerudi nyumbani kwangu Kinanira, peke yangu.

Nyumba imesimama. Matundu matatu ukutani, vioo chini kote. Redio wamechukua, na sukari, na viatu vya Athumani nilivyokuwa nimevihifadhi. Kijumba cha nyuma mlango umevunjwa. Nimeingia. Kitanda chao, chungu chao, michoro ya Riziki ukutani. Nimetoka.

Lengalenga imekanyagwa lakini inaota.

Alhamisi, 17 Julai

Mama Riziki yuko hai.

Nilikuwa nazoa vioo. Nikasikia lango. Sikumtambua. Amekonda, miguu imevimba, kavaa kitenge cha mtu mwingine. Alipita mbele yangu bila salamu, akaenda moja kwa moja kijumbani. Akatoka. Akaingia kwangu. Akatazama chumba kwa chumba. Kisha akasimama kwenye korido, juu ya godoro.

"Mutoto yangu iko wapi?"

Nikasema yuko hai. Nikasema yuko Marseille.

Hakuelewa. Nikaeleza. Daftari la hospitali, nyumba ya dada yake, Jumamosi, sahihi. Nilieleza vibaya, nikaanza katikati. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimupatia watu. Na mi niko muzima."

"Sikujua kama uko mzima."

"Ungeningoja."

"Wangempa mwingine nafasi."

"Ungeningoja!"

Alinipiga kofi. Kisha akakaa chini palepale kwenye vioo, na ni mimi niliyemwinua.

Dada yake amekufa. Paa liliwaangukia. Yeye alikuwa nje, ameenda msalani. Alikimbia na watu kusini, kufuata ziwa, kulala siku nzima kwenye matete, kutembea, kurudishwa kwenye vizuizi, kutembea tena. Siku kumi. Aliyasema yote hayo akitazama ukuta, kama anasoma.

Sikumwambia kwamba mama wa maziwa alinionya na mimi sikumkataza kwenda. Nitamwambia. Si leo.

Jumamosi, 19 Julai

Tumekuwa pamoja siku mbili bila neno. Anafagia upande wake, mimi wangu. Hali chakula changu. Nimempeleka kwa Madame Odile, amerudi Kinindo, lakini simu ya Ulaya haikupatikana. Alikaa kwenye ngazi za ofisi mpaka walipofunga. Nilikaa karibu naye, si karibu sana.

Jioni nimemwambia habari ya mama wa maziwa. Yote. Na wali wa nazi. Nilidhani atanipiga tena. Alitikisa kichwa tu. "Ningeenda hata kama ungenikataza," kasema. "Alikuwa dada yangu."

Sijui kama ni msamaha. Nadhani ni ukweli tu.

Jumatatu, 21 Julai

Simu imepatikana saa nne asubuhi. Muuguzi kazungumza, Madame katafsiri, mimi nimetafsiri tena. Wamempasua Ijumaa. Amekaa mezani muda wa saa tano. Moyo unapiga wenyewe. Leo asubuhi kanywa uji, kalalamika hauna sukari. Midomo, kasema muuguzi, ni ya rangi ya waridi.

Neno hilo sikujua kulitafsiri vizuri. Nikasema, kama ya watoto wengine.

Wakampa mtoto simu. Mama Riziki alishika kwa mikono miwili. Kisha kwa sauti ndogo, "Ni mi. Ni mi, mama. Niko." Alirudia hivyo mpaka muda ukaisha.

Tukashika njia ya kurudi. Tulipofika daraja la Muha akauliza, bila kunitazama, kama Riziki alilia siku ile ya ndege.

Nikasema hapana, alienda vizuri.

Akanitazama mkono, pale meno yalipoacha alama. "Mwalimu. We haujuwe kudanganya."

Amekuja kwangu baada ya adhuhuri. Kakaa kwenye kiti cha Athumani, mara ya kwanza. Nimempa chai, kainywa. Nilipogeuka kuchukua sukari alikuwa amelala, kikombe bado mapajani.

Sasa ni saa tisa. Bado amelala. Nimekichukua kikombe. Dirishani hakuna kioo, nimetundika shuka jua lisimfikie usoni. Kuku wa jirani wameingia uani wanapiga kelele. Nimetoka nikawafukuza, polepole, bila viatu.